Bledi imeingia, mkato umekataa: kutafuta tatizo kwenye msumeno wa reli

Korosho zikianza kulipwa, kuanzia Oktoba, karakana za Mtwara na Lindi hazilali. Watu wanataka makabati, vitanda na milango, na wanavitaka kabla fedha haijapata kazi nyingine. Katika haraka hiyo bledi huisha makali, na fundi hununua yoyote iliyo karibu ili kazi isisimame. Nimefanya hivyo mwenyewe. Jamaa zangu wa Lindi wakinipigia simu huanza na habari njema kwamba bledi mpya imepatikana na imeingia. Baada ya siku mbili simu ya pili inasema inaunguza, inabandua melamini (ile ngozi ngumu laini iliyobandikwa juu ya ubao wa kabati), inakwama, au haifuati ukingo wa reli.

Kuingia si kufaa. Bledi ya msumeno wa reli, yaani msumeno wa mviringo wa umeme unaoteleza juu ya reli iliyolazwa kwenye ubao, lazima ikubaliane na mashine kwa kipenyo, kwa tundu la katikati, kwa unene wa jino na wa bati lake (mwili wa bledi wenyewe), na kwa kasi. Msumeno wa kawaida wa umeme wa mkono unavumilia kosa dogo kwa sababu mstari unaufuata kwa jicho. Msumeno wa reli hauna mahali pa kuficha nusu milimita: mkato unapita ubavuni mwa ile raba nyeusi ya ukingo wa reli, na raba hiyo ilikatwa na bledi ya kwanza.

Kabla ya kushika chochote, chomoa waya ukutani au toa betri. Kubonyeza swichi ya kuzima hakutoshi. Kisha toa bledi ya zamani, ile iliyokuja na mashine kama bado unayo, uifute vumbi na uisome. Bati lake limeandikwa karibu kila unachohitaji. Kwenye Makita SP6000, Bosch GKT 55 na DeWalt DWS520 utakuta kipenyo cha 165 na tundu la 20, vyote kwa milimita. Festool TS 55 ni 160 kwa 20, na kaka yake TS 75 ni 210 kwa 30. Mafell MT 55 ni 162 kwa 20. Kama mashine yako ni ya jina jingine, usikisie kwa kufananisha umbo. Soma kibao kilicho ubavuni mwake, au pima kwa venia, kile kipimo chenye taya mbili cha kupimia unene.

Ukiwa na namba hizo mkononi, tafuta hapa chini dalili unayoiona.

Bledi inayumba, au inazunguka hovyo chini ya nati

Hapa tatizo ni tundu. Bledi ya tundu la 25.4 ikiwekwa kwenye shafti ya 20 inabaki na nafasi ya milimita 2.7 kila upande. Ukiibana kwa bahati inaweza kukaa karibu na katikati, lakini haitakaa katikati kamili. Meno ya upande mmoja yatakata zaidi ya mengine, mkato utatoka na michirizi, na mashine itatetemeka mpaka vidole vife ganzi.

Pete ya kupunguzia tundu inaruhusiwa, kwa sharti moja ambalo wauzaji hawalisemi: iwe nyembamba kuliko bati la bledi. Pete ikiwa nene, flenji (ile sahani ya chuma inayoikandamiza bledi kwenye shafti) inaibana pete na kuliacha bati huru. Utaona bledi inasimama ndani ya mbao huku mota inaendelea kuzunguka. Pitisha ukucha kutoka kwenye bati kwenda kwenye pete. Ukucha ukikwaa kwa sababu pete imechomoza juu, itoe, haifai.

Kinyume chake ni bledi ya tundu la 16, ambayo haiingii kabisa kwenye shafti ya 20. Nimeona tupa ya mviringo ikitumika kulipanua. Hakuna mkono wa binadamu utakaopanua tundu lile na kuliacha katikati. Rudisha dukani.

Kuna pia jambo dogo linalosumbua watu wenye bledi sahihi kabisa. Kwenye baadhi ya misumeno flenji ya ndani ina pande mbili, na kila upande una bega la kipenyo chake. Ukiisafisha na kuirudisha kichwa chini, bledi ya 20 haitakaa. Igeuze ujaribu tena kabla ya kumlaumu muuzaji. Hakikisha pia hakuna gundi wala unga wa mbao ulioganda kati ya flenji na bati. Punje moja ya utomvu mkavu inatosha kuiyumbisha bledi iliyonyooka.

Ubao haukatiki mpaka chini, ingawa kipimo cha kina kiko sawa

Umeweka bledi ya 160 kwenye mashine ya 165. Nusu ya tofauti ni milimita 2.5, na kina kimepungua kiasi hichohicho. Kwenye plaiwudi ya milimita 18 utaona utando mwembamba umebaki chini, ule unaoweza kuuvunja kwa mkono na ukaharibu ukingo wote. Hii ni nafuu. Ongeza kina, uhesabu na unene wa reli kama kipimo cha mashine yako hakijauhesabu, na kazi itaendelea.

Ya 165 kwenye mashine ya 160 sikushauri. Jino linasogea karibu na kava na karibu na kisu cha nyuma (kipande cha chuma kilicho nyuma ya bledi) kuliko mtengenezaji alivyopanga. Na zile bledi za 185, za inchi saba na robo, ambazo ndizo zimejaa madukani kwetu kwa ajili ya misumeno ya kawaida, hazina nafasi kabisa ndani ya kava la mashine hizi.

Melamini inabanduka kwenye ukingo wa reli

Hili ndilo lililonifundisha, na nitakaa hapa.

Nilikuwa natengeneza kabati la nguo la melamini nyeupe kwa mteja wa Mikindani. Bledi yangu ya meno 48 ilikuwa imechoka, nikaipeleka kunolewa. Kwa siku hizo chache nikanunua nyingine. Muuzaji alinisifia kwamba meno yake ni manene na yatadumu. Kipenyo 165, tundu 20, kila kitu sawa. Nilipoteremsha mashine kwenye karatasi ya kwanza ya ubao wa melamini, pembeni mwa reli ulitoka uzi mwembamba mweusi, mrefu kama uzi wa kushonea, ukajikunja juu ya unga mweupe wa melamini. Niliuona. Nikaufuta kwa mkono nikaendelea.

Uzi ule ulikuwa raba ya reli yangu. Bledi mpya ilikata safi tu, kwa sababu raba ilikuwa imejikata upya kumfuata mwenzake mpya. Msiba ulikuja niliporudisha bledi yangu iliyonolewa. Kati ya jino na raba kulikuwa na mwanya ambao huuoni ukiwa umesimama, unauona ukiinama na tochi. Ukingo mzima ulitoka na vidonda vidogo vyeupe kama samaki aliyeparwa magamba vibaya. Karatasi mbili zilikwenda hivyohivyo, na mteja alikuwa anasubiri.

Sababu yake ni hesabu ya shule ya msingi. Bledi inaegemea flenji ya ndani kwa bati, si kwa jino. Jino linachomoza nje ya bati pande zote mbili. Kama jino ni 2.2 na bati ni 1.6, tofauti ni 0.6, yaani limechomoza 0.3 kila upande. Bledi ya jino 2.6 na bati 1.6 inachomoza 0.5. Kwa hiyo inaingia kwenye raba 0.2 zaidi, na kilichokatwa hakirudi.

Angalia sasa kitu ambacho wengi hukikosa. Bledi mbili zenye jino la 2.2 zote zinaweza kukata mistari tofauti, endapo bati la moja ni 1.6 na la nyingine ni 1.4. Na bledi ya jino 1.8 yenye bati 1.2 itapita palepale ilipopita ile ya 2.2 yenye bati 1.6, kwa sababu zote zinachomoza 0.3. Ukinunua bledi kwa ajili ya msumeno wa reli, swali la kwanza baada ya kipenyo na tundu ni hili: jino limechomoza kiasi gani nje ya bati? Namba hizo mara nyingi zimeandikwa pamoja zikitenganishwa na mkwaju, kwa mfano 2.2/1.6. Kama hazipo, venia itakupa zote mbili kwa dakika moja. Pima jino kwenye ncha zake pana, halafu bati karibu na tundu.

Kama raba imeshaliwa, una njia tatu. Ya kwanza ni kununua raba mpya, kuibandika na kuikata upya kwa bledi utakayobaki nayo. Ya pili ni kuibandua ile iliyopo polepole, kusafisha gundi, kuibandika tena ikiwa imesogezwa nje kidogo, kisha kupitisha bledi. Nimeifanya ikakubali, lakini kwenye joto letu la pwani gundi ya zamani haishiki sana, inahitaji gundi mpya. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoishi nayo sasa, ni kuwa na kipande cha reli cha pili kwa ajili ya bledi nene za kazi ngumu, na kutoruhusu bledi hizo ziguse reli ya melamini. Nimeiandika kwa rangi nyekundu mgongoni ili vijana wasichanganye.

Kama vidonda viko upande wa kipande kinachoanguka tu, bledi haina hatia. Meno ya msumeno huu hupanda kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo upande wa juu ndio hubanduka, na raba inalinda upande wa reli pekee. Weka reli juu ya kipande unachokihitaji. Kama pande zote mbili zinabanduka vibaya sana na kuna moshi, angalia mshale. Mshale wa bledi na mshale wa kava lazima vielekee kumoja. Bledi iliyogeuzwa inakata kwa mgongo wa jino.

Inakwenda vizuri shubiri moja, kisha inakwama

Kijana anayejifunza kwangu alikuwa anapasua ubao wa mninga wa milimita 50 uliotoka Nachingwea. Mashine ina kisu cha nyuma, kile kipande cha chuma kinachoifuata bledi ndani ya mkato ili mbao isifunge. Nilimsikia akisukuma, akiacha, akisukuma tena.

"Fundi, huu ubao umekaza."

"Umekaza wapi?"

"Hapahapa. Kila nikianza inafika hapahapa inakataa."

Nilimwambia azime, achomoe, na apime kutoka mwanzo wa ubao hadi pale bledi ilipofika. Ilikuwa karibu sana na kipenyo cha bledi yenyewe. Nikaelewa kabla sijainua mashine. Bledi aliyofunga ilikuwa ya jino 1.8, nyembamba, ya kuokoa betri, na kisu cha nyuma kilikuwa cha bledi ya 2.2. Bledi inaingia kwenye mbao bila tabu kwa sababu kisu bado kiko nje. Kisu kikifika kwenye ukingo wa ubao kinajaribu kuingia kwenye mkato mwembamba kuliko chenyewe, na hapo ndipo safari inapoishia.

Kanuni yake ni fupi: kisu cha nyuma kiwe kinene kuliko bati, kiwe chembamba kuliko jino. Unene wake mara nyingi umegongwa kwenye kisu chenyewe. Hili linawagusa hasa wenye Festool, kwa sababu TS 55 R ya zamani ni ya bledi za jino 2.2 na toleo la baadaye la TS 55 F lilikuja na 1.8. Kipenyo kilekile, tundu lilelile. Bledi ya 1.8 itaingia kwenye TS 55 R kwa urahisi wote, na kisu kitaikataa. Makita SP6000 haina kisu cha nyuma kabisa, kwa hiyo dalili hii haitokei kwake, ila ukipasua ubao mrefu inakubidi uchomeke kabari nyuma ya bledi mkato usifunge.

Asije mtu akakushauri ukifungue kisu ukiweke kando. Mninga au mkongo uliokaushwa haraka juani ukifunga juu ya bledi, mashine nzima inaruka nyuma kwenye tumbo lako. Badilisha bledi.

Kukwama kwa namna nyingine kuna maana nyingine. Kama kunatokea mahali popote, leo hapa kesho pale, ubao wenyewe unafunga au bledi ni butu. Kama kunaanza pale reli inapoishia, reli imesogea.

Mkato umeungua, umeacha weusi

Watu hukimbilia kusema bledi mbovu. Mara nyingi ni bledi nzuri kwenye kazi isiyo yake. Meno 48 ni ya plaiwudi, melamini na kukata mbao kwa kukingama. Ukipasua kwa urefu ubao mnene kwa bledi hiyo, unga hauna pa kutokea, unakaa kati ya meno na kusuguana mpaka unatoa moshi. Kwa kupasua mninga, mkongo au mvule wa milimita 40 na kuendelea, tafuta meno 12 hadi 20. Meno 28 ni ya katikati, yanafanya kila kitu kwa wastani. Mimi kwa mbao za kusini ningechukua bledi mbili, ya 48 na ya 14, kuliko moja ya 28, hata kama ya pili itabidi isubiri mauzo ya kitanda kimoja.

Mtiki una hadithi yake. Ndani ya mbao yake kuna silika, kitu kilekile kilicho ndani ya mchanga, nayo inakula upesi ncha za kabaidi, ile metali ngumu iliyobandikwa kwenye meno. Bledi iliyokata mtiki wiki nzima usiitegemee kwa melamini. Na ukipata mbao za jahazi kuukuu pale Mikindani, nzuri kwa meza, pitisha sumaku kwanza kutafuta misumari. Msumari mmoja unang'oa meno matatu.

Kabla ya kuihukumu bledi kuwa butu, ioshe. Utomvu ulioganda nyuma ya jino unafanya kazi ileile ya ubutu. Maji ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani, dakika chache tu. Kisha ikaushe palepale na uipake mafuta ya mashine kwa kitambaa. Upepo wa bahari wa Shangani ya Mtwara hauhitaji usiku zaidi ya mmoja kuacha kutu kwenye bati lenye maji.

Ukiwa unapasua mkongo au mninga, vaa barakoa au funga mfuko wa vumbi. Unga wake unawasha pua na kifua, na kuna mafundi wanaokohoa miaka wakidhani ni baridi ya asubuhi.

Mota inazidiwa, sauti inashuka

Kama bledi ni nene kuliko ya zamani, mota inaondoa mbao nyingi zaidi na itachoka mapema, hasa ya betri. Kama bledi ni ileile, tazama waya. Ekstensheni ndefu yenye nyaya nyembamba, iliyokunjwa kwenye gurudumu, inakula umeme kabla haujafika kwenye mashine. Ikunjue yote ujaribu tena.

Hapohapo kwenye kasi: bati la bledi limeandikwa kikomo cha mizunguko kwa dakika. Kikomo hicho kiwe juu ya kasi ya mashine. Makita SP6000 inafika 5,200. Bledi isiyoandikwa kikomo chochote siifungi, hata nikipewa bure. Na usichukue bledi ya mbao yenye meno ukaifunga kwenye grainda. Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, haina kava la kufunika meno wala reli ya kuiongoza. Bledi ikinasa, mkono wako ndio utakaofuata.

Kwa alumini ya madirisha, usitumie bledi ya mbao. Kuna bledi zake, zenye meno ya juu bapa yanayopishana na yaliyokatwa pembe, na jino lake limesimama wima au limelala nyuma kidogo. La mbao limeinamia mbele, linaivuta alumini na kuing'ang'ania.

Ukiagiza kutoka Dar

Duka la huku likikosa, utaagiza Kariakoo na mzigo utakuja kwa basi. Kukosea hapo ni kupoteza nauli ya mzigo mara mbili na siku kadhaa za kazi. Usitume picha ya boksi. Laza bledi ya zamani juu ya kitambaa, piga picha maandishi ya bati, kisha piga picha nyingine venia ikiwa imeshika jino na namba inaonekana, na ya tatu ikiwa imeshika bati. Piga na kisu cha nyuma kama mashine inacho. Halafu andika ujumbe wa namna hii, na usikubali jibu la "zipo, zinaingiliana":

"Bledi ya msumeno wa reli. Kipenyo 165, tundu 20 bila pete. Jino 2.2, bati 1.6. Meno 48, ya melamini. Kikomo cha kasi kisiwe chini ya 5,200. Kabla hujafunga mzigo naomba upime jino na bati mbele ya simu unitumie picha."